Waipa kwenye Jua Kali

Maneno haya niliyasema mbele ya kundi la watu wanaojiandaa kwenda kusoma na kufanya kazi nje ya nchi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Na ninyi wengine, habari za jioni.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie "changamoto na fursa za maisha ughaibuni". Nilikaa na karatasi usiku wa kwanza, nikakaa usiku wa pili. Kila nikiandika neno changamoto, usingizi unanichukua. Basi mtaniwia radhi, mada nimeibadilisha. Nitazungumza juu ya kitu kimoja ninachokijua kwa mikono na miguu, nacho ni kuendesha gari katika nchi ya watu. Nimeishi ugenini miaka kumi na minne, na mengi niliyoyajua kuhusu wenyeji wangu niliyajulia kwenye usukani, si sebuleni mwao.

Nianze na aibu, maana ndiyo inayotangulia.

Asubuhi ya kwanza nilikabidhiwa ufunguo wa gari la kazini. Nikatoka kifua mbele, nikafungua mlango, nikaketi, nikafunga mkanda, nikanyoosha mikono nishike usukani. Usukani haupo. Mbele yangu kuna kijidroo cha kuwekea karatasi. Mwenzangu mmoja alikuwa amesimama dirishani na kikombe chake, ananitazama. Nikafungua kijidroo kile nikajifanya natafuta kitu, nikapekuapekua, nikakuta kitabu cha gari, nikakisoma ukurasa mzima kwa lugha nisiyoijua. Kisha nikashuka na heshima zangu zote, nikazunguka upande wa pili. Yule bwana hakusema neno. Miaka mingi baadaye ndipo aliponiambia kwamba kila mgeni anayefika pale hufanya vivyo hivyo, na kwamba wao hukaa dirishani makusudi.

Hayo ni ya mlango. Nikaondoka. Kufika njia panda ya kwanza nataka kukata kona, nikapeleka vidole kwenye indiketa kama nilivyozoea, waipa zikaanza kufuta kioo. Jua linawaka, mbinguni hakuna hata wingu, kioo kikavu kinalia kwikwi, na mimi nakata kona bila kumwashia ishara yeyote aliye nyuma yangu. Sababu yake ni ndogo. Magari mengi ya Kijapani yenye usukani kulia yana kijiti cha indiketa upande wa kulia na cha waipa upande wa kushoto. Kwenye gari la usukani kushoto, indiketa iko kushoto. Akili inalijua hilo tangu dakika ya kwanza. Mkono haujui. Kwa wiki tatu nzima kila kona niliyokata ilikuwa na mvua yake.

Miguu, ajabu, haipati tabu. Pedali hazihami: klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia, uwe Uingereza au Ujerumani. Gia nazo zimepangwa vilevile, ila mkono ndio mwingine. Namba moja uliyozoea kuisukuma mbali, kule kwa abiria, sasa iko jirani na goti lako. Wewe unasukuma mbali kama jana na juzi, na kule mbali kuna namba tano. Gari linazimika katikati ya makutano, na honi za nyuma hazihitaji mkalimani.

Kuna na jambo la vioo vya pembeni, ambalo hakuna aliyeniambia. Aliyezoea kukaa upande wa kulia wa gari amezoea pia kuiona barabara kutoka pale alipokaa. Mhamishie kiti kushoto, naye bila kujua ataupeleka mwili wake mahali palepale ulipokuwa ukikaa katika njia, na sehemu ya gari iliyobaki itaning'inia nje, upande wa kulia, kwenye vioo vya magari yaliyopaki. Viwili nilivilipia. Cha tatu kilikuwa changu mwenyewe.

Mke wangu alipojiunga nami akawa msaidizi wangu. Kila nikisogea vibaya anapaza sauti: "Kulia! Kulia!" Jirani yetu aliyekuwa akijifunza Kiswahili, tukampa lifti siku moja, akauliza kwa upole mbona mama anasema mtalia. Nikamweleza kwamba neno ni moja, maana ni mbili, na kwamba kwa jinsi ninavyoendesha, hata mimi sina hakika ananionyesha upande au anatabiri.

Sasa tuzungumze juu ya huo upande wenyewe.

Theluthi hivi ya watu wa dunia wanaishi katika nchi ambazo magari hupita kushoto, waliobaki wako kulia, na kila kundi linaamini kwamba lingine limepinda. Anayetaka kujua upande wa barabara ulivyozama ndani ya mtu awaulize Waswidi. Zamani walikuwa wakipita kushoto, huku majirani zao wa nchi kavu wote wakipita kulia. Mwaka 1955 wananchi wakaulizwa kwa kura kama wanataka kuhama. Asilimia 83 hivi wakasema hapana. Serikali ikasubiri miaka, kisha ikaamua kuhama hata hivyo. Siku ikapangwa: Jumapili, tarehe 3 Septemba 1967. Herufi H, ya neno lao linalomaanisha kulia, ikachapwa kila mahali, kwenye maboksi ya maziwa na hata kwenye chupi. Usiku ule magari ya kawaida yakazuiwa. Yale machache yaliyoruhusiwa kuwa barabarani yakasimama saa 11 kasoro dakika 10 alfajiri, yakahamia upande wa pili taratibu kama watu wanaopishana na maiti, yakangoja. Saa 11 juu ya alama, nchi nzima ikaanza kwenda kulia.

Mngetegemea nini asubuhi yake? Vyuma kugongana, magari ya wagonjwa kushindwa kupita. Haikuwa hivyo. Ajali zilipungua. Kwa kipindi kile cha mwanzo watu waliendesha kwa woga, macho yamewatoka, kila mtu anamtazama mwenzake. Kisha mazoea yakaingia, na ajali zikarudi zilipokuwa.

Ningeweza kuketi sasa hivi, maana nililokuja kuwaambia liko humo kwa Waswidi. Siku ya kwanza haitakuua. Siku ya kwanza unatoka jasho hata kwenye kope, unaendesha kilomita thelathini kwa saa, na mke anapaza sauti pembeni. Anayeua mgeni ni mgeni wa wiki ya sita, yule anayedhani ameshakuwa mwenyeji.

Mimi wiki yangu ya sita naikumbuka saa na dakika. Ilikuwa alfajiri, nimejaza mafuta, natoka kituoni kurudi barabarani. Gari hakuna mbele, gari hakuna nyuma. Simu ikaita kupitia spika za gari, ni mama yangu. Nikamwamkia, tukaanza habari za nyumbani, nani kaoa, nani kafariki, paa limevuja tena. Nikakata kona vizuri kabisa, nikakaa upande wangu vizuri kabisa, upande wa kushoto, wa kwetu. Nilikwenda mita mia tatu hivi nikifurahia barabara nyeupe, hadi nikaona taa za lori zinakuja, kubwa, juu, na nikasema moyoni: huyu dereva vipi, hajui njia yake?

Lori lilisimama. Dereva akawasha taa zake za dharura, akateremsha kioo. Nilijiandaa kwa matusi. Akanyoosha kiganja, akanionyesha pole pole: hamia huko. Nikahamia. Akanipungia, akaenda zake. Mama kwenye spika anauliza, "Mbona umenyamaza?"

Nimelitafakari tukio lile mara nyingi. Magari ya wenzako ndiyo kiongozi wako. Yakiwepo, unafuata kundi hata ukiwa umelala nusu. Barabara tupu haina wa kumfuata, na hapo mwili unarudi kwenye kile ulichojifunza kwanza. Kwa hiyo mahali pa kuogopa si katikati ya mji mkubwa saa ya foleni. Ni kutoka kituo cha mafuta, kutoka maegesho, kutoka njia ya upande mmoja, kuanza tena safari baada ya kusimama kupiga picha ya mlima. Hilo la kwanza. La pili ni simu ile. Nilikuwa nimeendesha wiki tano nikifikiri kwa lugha yao, nikisoma vibao vyao, redio yao ikiongea. Aliponiita mama, lugha ilinirudisha nyumbani, na gari likafuata. Tangu hapo nikiwa ugenini siongei Kiswahili ninapotoka kituo cha mafuta. Mnacheka, lakini mama mwenyewe amelikubali hilo.

Na msidhani aendaye kwa miguu amesalimika. Mwezi Desemba mwaka 1931 Winston Churchill, mwanasiasa wa Uingereza, aliyezoea magari ya kwao yanayopita kushoto, alishuka teksi mjini New York akavuka barabara ya Fifth Avenue. Akatazama upande wa mazoea. Gari likamjia kutoka upande mwingine, likamgonga na kumtupa. Alilazwa hospitali, na baadaye akasema wazi kwamba kosa lilikuwa lake, dereva hakuwa na hatia. Waingereza wenyewe nadhani wamewahurumia wageni kwa sababu hiyo: London utakuta maandishi yamepakwa chini, miguuni pako, penye kivuko, yakikuelekeza utazame kulia. Mimi ningependa kila nchi iwe na rangi hiyo.

Wengine wamehama kama Waswidi. Iceland ilifuata mwaka 1968, Nigeria 1972, Ghana 1974; hizi mbili zilikuwa zimezungukwa na majirani wa kulia. Wako waliokwenda kinyume. Okinawa ilirudi kushoto mwaka 1978 ili ifanane na Japani nyingine, na Samoa ikahamia kushoto Septemba 2009, sababu kubwa ikiwa ni kupata magari ya mitumba ya bei nafuu kutoka Australia na New Zealand. Upande wa barabara si dini. Umeletwa na ukoloni, na biashara, na jirani. Ila jaribu kuuambia mkono wako hivyo.

Hapa niseme neno kuhusu kipilefti, ule mzunguko wa barabarani. Wengine hulisema neno hili tangu utotoni bila kujiuliza limetoka wapi. Waliosoma kibao cha Kiingereza kilichowaambia wakae kushoto wakakifanya kuwa jina la mahali, na wakiwa wengi, vipilefti. Sawa. Sasa umefika nchi ambayo mzunguko unazungukwa kwa kulia. Utakiitaje? Niliwahi kumwelekeza mwenzetu mgeni kwa simu, nikamwambia, "Ukifika kipilefti, zunguka kulia." Kukawa na kimya kirefu. Akaniuliza, "Kaka, unataka nife?"

Na hata ukishajua upande, bado hujajua nani anaanza. Uingereza tangu mwaka 1966 sheria inasema aliye ndani ya mzunguko apishwe, anayeingia angoje. Ukiielewa hiyo unadhani umeielewa dunia. Nenda Paris kwenye Arc de Triomphe, ambapo barabara kumi na mbili zinamwagika katika duara moja. Pale anayeingia ndiye mwenye haki, aliye ndani ndiye anayengoja, kwa sababu Wafaransa wana sheria yao ya zamani kwamba pasipo na kibao, anayekuja kutoka kulia kwako hupita kwanza. Sheria hiyo utaikuta hata katika vijiji vyao vidogo: unakwenda kwenye barabara kubwa kwa raha zako, mzee anachomoza kutoka kichochoro cha kulia bila hata kugeuza shingo. Utamlaani. Mwenye haki ni yeye.

Karatasi nazipitia haraka, kwa sababu kila nchi ina mlango wake na milango hubadilishwa vitasa. Leseni ya kimataifa mnayoisikia ni kijitabu cha tafsiri. Bila leseni yako halisi pembeni, haina kazi. Inatokana na mikataba, mmoja wa Geneva wa mwaka 1949 na mwingine wa Vienna wa mwaka 1968, na si kila nchi inaikubali yote. Japani inakubali kijitabu cha mkataba wa 1949 peke yake. China bara haikubali hata kimoja. Na ukishakuwa mkazi, saa inaanza kuhesabu: Ujerumani miezi sita, Uingereza miezi kumi na miwili, kisha wengi wetu tunatakiwa kufanya mtihani wao kama watoto.

Mtihani huo mimi niliufanya nikiwa na miaka arobaini na moja, darasani na vijana wa miaka kumi na saba walioniita mzee kwa macho. Nadharia nikapita. Barabarani nikaanguka. Sikugonga kitu, sikuvuka taa. Mtahini aliniambia: "Unaendesha vizuri, lakini hugeuzi kichwa." Nikamwambia nimetazama kioo. Akasema kioo hakionyeshi mwenye baiskeli aliye begani kwako. Kabla ya kukata kona lazima shingo igeuke, na lazima yeye aone imegeuka. Niliporudi mara ya pili niligeuza shingo hadi ikakakamaa. Nikapita. Leo nawashukuru, kwa sababu wiki hiyohiyo nilimwona mwenye baiskeli palepale begani.

Sheria za kusoma, ndugu zangu, zina mwisho. Unanunua kitabu, unakesha, unazimaliza. Zisizoandikwa ndizo zinazochukua miaka, na kubwa yake ni lugha ya taa.

Gari halina uso. Tukiwa miguuni, mtu anakupisha kwa tabasamu, anakukemea kwa jicho. Ndani ya gari una taa, honi na kiganja, basi. Na taa ileile inasema mambo mawili yanayopingana. Uingereza dereva akikuwashia taa kubwa mara moja mkiwa mnakutana mahali pembamba, mara nyingi anamaanisha "pita wewe", ingawa kitabu chao cha sheria kinasema taa ni ya kutangaza kwamba upo, si zaidi. Italia au Ujerumani, anayekuwashia kutoka nyuma kwenye njia ya kasi anasema "nipishe". Na Italia mkikutana mahali pembamba akakuwashia, mara nyingi anasema "nakuja mimi, kaa hapohapo". Piga picha ya wageni wawili, mmoja amejifunzia huku na mwingine kule, wanakutana darajani. Kila mmoja anawasha taa. Japani utampisha mtu aingie mbele yako, naye atawasha taa za dharura mara mbili hivi. Usishtuke ukadhani gari limeharibika. Anasema asante.

Honi nayo iko hivyo. Kuna mahali honi ni salamu, ni habari, ni "nipo nyuma yako mama, usirudi nyuma." Kuna mahali honi ni tusi, na ukiipiga kumsalimia rafiki uliyemwona ng'ambo, watu watano wanageuka na kila mmoja anadhani umemtukana yeye.

Kitu kilichonitesa kuliko vyote ni adabu. Marekani wana makutano yasiyo na taa, kila pembe ina kibao cha kusimama. Magari manne yanafika, yanasimama, na yanapita kwa zamu: aliyefika kwanza ndiye wa kwanza, mkifika pamoja aliye kulia anatangulia. Hakuna trafiki, hakuna anayebishana. Nilipokuwa nimetembelea kule nikafika zamu yangu, nikamwona mama mzee upande wa pili, nikampungia mkono: tangulia mama. Naye akanipungia: hapana, zamu yako. Nikasema moyoni siwezi kumtangulia mzee. Tukapungiana pale kama watu wanaoagana bandarini, wa tatu akachoka akaingia, wa nne naye akaingia, tukabaki wote wanne tumekwama katikati. Rafiki yangu aliyekuwa pembeni akasema, "Unawapa kazi ya kukufikiria." Pale adabu ni kufanya lile linalotegemewa, kwa wakati wake. Ukimpisha mtu nje ya zamu umeivuruga hesabu ya watu watatu.

Hukohuko Marekani utaruhusiwa katika sehemu nyingi kukata kulia taa ikiwa nyekundu, ukishasimama kabisa. Lakini jiji la New York hairuhusiwi ila penye kibao kinachoruhusu. Hamna mahali Ulaya nilipothubutu kufanya hivyo pasipo alama. Na basi la njano la wanafunzi likisimama na kuwasha taa nyekundu, magari ya pande zote mbili husimama; majimbo mengi huwaachia tu wanaokuja kutoka mbele, ng'ambo ya barabara iliyogawanywa katikati. Hili lishikeni hata mkisahau mengine yote.

Ujerumani watu humaliza maneno kwenye barabara zisizo na kikomo cha kasi. Ni kweli zipo sehemu hizo, na hata hapo kasi inayopendekezwa ni kilomita 130 kwa saa. Mimi kilichonishangaza kule ni kitu kingine. Foleni ikianza, kabla hata ya kusikia king'ora, magari ya njia ya kushoto yanabana kushoto na mengine yote yanabana kulia, njia nyeupe inafunguka katikati. Mara ya kwanza nilidhani wameona nyoka. Nikabaki peke yangu katikati kama kigingi cha hema. Dakika chache baadaye gari la wagonjwa likaja kwa nyuma, likanikuta. Sitawaelezea sura za watu walioniangalia. Siku hizi foleni ikianza tu, mimi ndiye wa kwanza kubana. Na mafuta yasikuishie kwenye barabara zile. Kusimama bila sababu ya lazima ni kosa, na kusahau kujaza tanki hawaihesabu kuwa sababu.

Maili, nusu dakika. Uingereza na Marekani vibao vyao ni vya maili. Kibao cha 50 ni kama kilomita 80. Jamhuri ya Ireland ilihamia kilomita Januari 2005, lakini Ireland ya Kaskazini iko na maili, na mpaka wenyewe unaweza kuuvuka bila kuuona. Namba kwenye kibao zinabadilika maana tu. Tazameni dashibodi.

Kuhusu polisi nitasema lile moja lenye uzito. Sehemu nyingi heshima ni kushuka garini, kumfuata afande, kumwamkia. Marekani usishuke. Kaa, teremsha kioo, mikono juu ya usukani ionekane, na ukitaka kuchukua karatasi kwenye kijidroo, sema kwanza kwamba unazichukua, ndipo uzichukue. Kushuka kwako kwa heshima yeye anaweza kukuona unamjia. Mlifanye hili zoezi nyumbani, kwa sababu siku yenyewe mwili utataka kufanya ulichozoea.

Nimebakiza jambo ambalo si la sheria. Mwenyeji akikosea barabarani, amekosea yeye. Labda ana haraka, labda ni Jumatatu. Mgeni akikosea, wamekosea wote waliotoka alikotoka. Nilisikia hivyo siku nilipoingia njia ya baiskeli kwa bahati mbaya. Mpita njia hakuniambia "umekosea". Aliniambia "hapa hatuendeshi hivyo". Neno dogo, lile "hatu". Nilikasirika kutwa nzima. Usiku nikajiuliza mimi mwenyewe, kabla sijasafiri, nilikuwa nasema nini nikimwona mgeni anatambaa na gari la kukodi, indiketa inawaka kilomita nzima, ameshika usukani kama anayening'inia mtini. Nilikuwa namcheka, na nilikuwa namjumlisha na nchi yake. Nikakosa hata hasira ya kuendelea nayo.

Kwa hiyo nikiona siku hizi gari mbele yangu lina waipa zinazofanya kazi kwenye jua kali, naachia nafasi. Namjua huyo. Anakata kona, na hana jinsi ya kuniambia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Pale mezani kuna bahasha, ndani yake mna riboni nyekundu, nimezikata jana usiku na mke wangu. Unaifunga kwenye kifundo cha mkono ulio upande mtakaopita, unaishika usukanini, unaiona kila ukitoka kituo cha mafuta. Niliivaa yangu miezi minane, na kazini wakadhani ni nadhiri. Wanaoondoka mwezi ujao waanze kuchukua. Msiivue wiki ya sita.

Sasa maswali. Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, dada, wewe uliyeinua wa kushoto.